Kabla Hujanunua Gari la Spoti la Mtumba, Jua Linavyofika Yadini

Pita kwenye yadi za magari hapa Mombasa, za mjini hata zile za njia ya Nyali, na utaliona. Gari la milango miwili, limelala chini karibu na lami, limepigwa polishi likang'ara, na limewekwa mbele kabisa ya lango ili apitaye asilikose. Vitz, Fielder na Note zimepangwa nyuma yake. Vijana wetu huliita "kupe", jina la Kizungu lililopinda kwa ulimi wetu. Sisi tunamjua kupe wa ng'ombe, na wako walionunua gari hili kwa pupa ambao leo watakwambia jina limelifaa.

Mimi si fundi wala si muuza magari. Ni mtu ambaye jamaa na majirani humwita awasindikize yadini kwa sababu hupenda kusoma karatasi na kuuliza maswali mengi. Katika kusindikiza huko nimeona jambo ambalo halizungumzwi. Tunalaumu madalali kwa udanganyifu, na wengine wao wanastahili lawama, lakini biashara yenyewe imepangwa kwa namna ambayo gari bovu lililorembwa ndilo lenye faida kubwa zaidi. Ukielewa mpango huo, utajua kwa nini lazima uangalie, na uangalie wapi.

Hesabu ya ushuru

Tuanze bandarini, kwa sababu karibu kila gari la mtumba linaloingia Kenya hupitia hapa kwetu. Gari linapofika kutoka Japani hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc, asilimia 25 kwa inayozidi hapo, na asilimia 35 kwa injini kubwa za petroli zinazopita 3000cc. Kisha VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na ada ya reli ya asilimia 2.

Ushuru huu haujumlishwi tu, unapandiana. Chukua gari la spoti la injini ya lita 2 ambalo forodha imelithamini kwa shilingi milioni 1. Ushuru wa forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya 1,350,000, unakuwa 337,500. VAT inapigwa juu ya jumla ya vyote hivyo, yaani 1,687,500, inakuwa 270,000. Ongeza zile ada mbili, 45,000. Jumla ni shilingi 1,002,500. Serikali imechukua sawa na bei ya gari na chenji juu.

Hapo ndipo penye siri ya biashara. KRA haihesabu ushuru wa gari la mtumba kwa bei uliyolipa mnadani. Inayo orodha yake ya bei za magari mapya, inayojulikana kama CRSP, na kutoka bei hiyo hupunguza uchakavu kwa kadiri ya umri wa gari. Kwa hiyo magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja hulipiwa ushuru uleule, hata kama moja lilikuwa la mzee wa Japani aliyelifunika kwa turubai na jingine liligonga nguzo likapinda uso.

Sasa jiweke mahali pa mfanyabiashara. Nauli ya meli huwezi kuipunguza. Ushuru huwezi kuupunguza. Kodi ya yadi na mishahara iko palepale. Mahali pekee unapoweza kubana ili upate faida ni bei ya kununulia kule Japani, na gari la bei ya chini kule ni lile lililogongwa, lililozama maji au lililochezewa. Ukilinunua rahisi, ukalinyoosha na kulipaka rangi, hapa litauzwa bei ileile ya lile zima. Wazee walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Yadini tujifunze kuuliza: vimeundwa na nani, na kwa vipande vya magari mangapi?

Kwa gari la familia kishawishi hiki kipo, ila si kikubwa. Nani atakwenda mbio kununua Fielder iliyopinda ilhali nzima ziko tele? Magari ya spoti ni machache, hupendwa na vijana wa huko kama wanavyopendwa na wa huku, na huendeshwa kwa fujo. Japani ina utamaduni mkongwe wa kuteleza na magari barabarani na viwanjani, ile dirifti. Magari yaliyomaliza ujana wao huko ni sehemu ya mzigo unaokuja.

Mpaka wa miaka minane

Jambo la pili ni sheria ya umri. Kiwango cha KS 1515 kinasema gari la mtumba lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na liwe la usukani wa kulia. Kila Januari mpaka unasogea. Mwaka 2025 ulikuwa magari yaliyosajiliwa 2018 kuja mbele. Mwaka 2026 ni 2019 kuja mbele.

Matokeo yake kwa mpenzi wa spoti ni mawili. Kwanza, yale magari yaliyopata sifa kubwa, Supra ya zamani, RX-7, Silvia, hayawezi tena kuingia kihalali kama mtumba wa kawaida. Yaliyoko nchini ni yale yaliyoingia zamani, yamepita mikononi mwa watu wengi, na bei zake zimepanda kwa uadimu tu. Ukiuziwa gari la aina hiyo kwa bei ya kutupa, uliza liliingia lini na kwa njia ipi. Uganda hukubali magari ya hadi miaka 15, na Tanzania haijayakataza makongwe bali huyatoza ushuru wa ziada. Magari ya nchi hizo yanaonekana hapa Mombasa, mengine yakipita kutoka bandarini, mengine yakivuka Lunga Lunga. Gari la namna hiyo halina ruhusa ya kuuzwa kwako likabaki hapa. Ukilinunua kwa karatasi za ujanja, siku likikamatwa utapoteza gari na pesa.

Pili, kila mwisho wa mwaka kunakuwa na mbio. Magari ya mwaka unaokatwa lazima yafike kabla ya Desemba kwisha, kwa hiyo bei zake Japani hulegea na wanunuzi hukimbilia. Kinachonunuliwa kwa haraka hakikaguliwi kwa makini. Gari lililotua Desemba lenye usajili wa mwaka wa mwisho si lazima liwe baya, lakini lipe macho mara mbili.

Sarafu nazo zimechochea. Yeni ya Japani imekuwa dhaifu, mwaka 2024 dola moja ilinunua hata zaidi ya yeni 160. Shilingi yetu nayo, iliyofika kama 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, ilipanda hadi karibu 130 baadaye mwaka huohuo. Kwa aliyeko Mombasa anayetazama picha za mnada usiku kwa simu, gari la ndoto limekaribia. Ushuru hauteremki na yeni, lakini picha za simu hazioneshi ushuru.

Cheti si historia

Neno nisikialo zaidi yadini ni hili: "Ami, hii imepita ukaguzi, ina cheti cha Japani." Ni kweli, kila gari la mtumba hutakiwa kukaguliwa kule kabla ya kupakiwa melini, na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, kuhakikisha linafaa barabarani. Lakini cheti hicho kinasema hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Gari lililovunjika mbele likaungwa vizuri, taa zikawaka na breki zikashika, linaweza kupita. Cheti hakikusimulii lilipitia nini, na wala hakijui lilifanywa nini baada ya kushuka melini.

Historia iko kwenye karatasi mbili nyingine, na hizo ndizo za kudai. Ya kwanza ni karatasi ya mnada. Minada mikubwa ya Japani hupima kila gari na kulipa daraja. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 ni la kawaida, na herufi R au RA maana yake limeshagongwa likatengenezwa. Kuna mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni pahali paliponyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukiona W na XX nyingi upande wa mbele, umeshajua. Usikubali picha ya karatasi hiyo kwenye simu ya dalali. Chukua namba ya chesisi, kisha mwombe mtu mwingine aagizaye magari, asiye na uhusiano na yadi hiyo, akutafutie. Karatasi za kughushi zipo.

Ya pili ni cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, ambacho hutolewa na serikali ya Japani. Hapo utaona tarehe ya kwanza ya usajili na kilomita zilizoandikwa. Linganisha na odomita. Gari la spoti la miaka saba lenye kilomita 38,000 wakati cheti kinasema 96,000 halihitaji mjadala. Ondoka.

Mfano wa Toyota 86

Tuchukue gari linalouliziwa sana, Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ. Yote mawili hutengenezwa na Subaru, kizazi cha kwanza kilianza 2012 kwa injini ya lita 2 yenye pistoni zilizolala ubavu, ya nguvu ya farasi 200. Kizazi cha pili kiliingia 2021 kwa injini ya lita 2.4. Kwa mpaka wa sasa, linaloweza kuagizwa ni la mwishomwisho wa kizazi cha kwanza na la kizazi cha pili. Yale ya 2012 na 2013 utayakuta kwa wenyewe hapa nchini, na hayo ndiyo ya kuangalia zaidi.

Kwa nini? Novemba 2018 Subaru na Toyota ziliyaita magari hayo ya mwanzo yarudishwe kwa sababu springi za vali zingeweza kuvunjika. Kazi hiyo ilihitaji injini kutolewa na kufunguliwa. Baadhi ya injini zilizofunguliwa ziliharibika baadaye, kwa sababu gundi ya kuzibia iliyozidi ilivunjika vipande ikaziba njia za oili. Kwa hiyo uliza mambo mawili: je, gari hili liliitwa, na je, kazi ilifanywa wapi? Toyota ya Japani ina ukurasa unaoweza kuingiza namba ya chesisi ukaona. Ikiwa halijafanyiwa, ujue unanunua injini yenye deni.

Kizazi cha pili nacho kina maneno yake kuhusu gundi hiyohiyo kuonekana kwenye chujio la oili ndani ya sampu. Fundi anayejua atashusha sampu na kutazama. Na kwa vizazi vyote viwili, injini hizi hazipendi kukosa oili. Kijana aliyelizungusha gari kwa kasi kwenye kona huku oili ikiwa chini ya alama, ameshakula beringi kabla hujakabidhiwa ufunguo.

Pia soma kibandiko kwenye kifuniko cha tangi. Japani gari hili linaagizwa kutiwa petroli ya okteni ya juu, kwa sababu injini yake hubana hewa sana. Petroli ya aina hiyo hapa huuzwa vituo vichache na kwa bei ya juu. Anayekwambia "litie yoyote" hatakuwako siku injini itakapoanza kugonga.

Siku ya kuangalia

Nenda asubuhi, jua likiwa limetoka na gari likiwa kavu. Gari lililooshwa sasa hivi huficha rangi mbili. Na mpigie mwenye yadi umwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya injini. Ikiwa moto, rudi siku nyingine, kwani injini mbovu hulalamika ikiwa baridi: moshi wa bluu, mgongo wa vali, sauti ya mnyororo. Injini ikishapata moto kelele hizo hunyamaza.

Kabla ya kuwasha, washa ufunguo tu bila injini. Taa zote za dashibodi ziwake, ya injini, ya ABS, ya mikoba ya hewa, kisha zizimike baada ya kuwasha. Taa ambayo haikuwaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa.

Tembea kuzunguka bodi. Angalia nafasi kati ya mlango na bodi, bampa na taa, boneti na mabawa. Upana uwe sawa pande zote. Bolti za boneti na mabawa ziwe na rangi ya kiwanda. Zenye alama ya spana zimeshafunguliwa. Vioo vyote huwa na chapa ya mtengenezaji na mwaka. Kimoja kikiwa tofauti, uliza kilivunjwa na nini. Nyuma, inua zulia la buti mpaka uone bati la chini. Hapo wauzaji husahau kupaka. Mikunjo, welding mpya au rangi ya brashi ni dalili ya kugongwa nyuma. Mbele, tazama ile boriti ishikayo rejeta na yale mabomba mawili makuu ya chesisi. Yakiwa na mawimbi, gari hilo halitakwenda sawa tena hata ulifanyie alainimenti mara kumi.

Kwa gari lililozama maji, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mkanda wa ndani haufuliwi; ukikuta tope au mstari wa maji, lilizama. Tazama reli za viti na nyaya zilizoko chini ya dashibodi kama zina kutu ya kijani. Japani ilipata mafuriko makubwa Julai 2018 na kimbunga Hagibis Oktoba 2019, kwa hiyo magari ya miaka hiyo yapo sokoni. Kwa sisi wa Mwambao kuna na kutu ya kwetu wenyewe. Gari lililolala miaka mitatu nje karibu na bahari huliwa chini polepole, na gari la chini kama hili huokota chumvi na maji ya mvua zaidi ya mengine. Lipandishe juu ya stendi ulitazame tumboni. Yadi ikikataa, jibu umelipata.

Kisha tafuta dalili za dirifti. Vipande vya mpira vilivyogandia ndani ya mabawa ya nyuma. Matundu ya bolti sakafuni palipofungwa viti vya mashindano au vyuma vya kuzuia paa. Usukani wa kiwanda uliorudishwa juu ya skrubu zilizolegea. Shokamzoba za kunyanyua na kushusha zilizovuja. Ekzosi iliyokatwa. Magurudumu yaliyoliwa upande wa ndani. Kila tairi lina namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya tarehe nne tofauti yanakueleza mwenye gari alivyokuwa mbahili.

Ukiliendesha, kama ni la gia za mkono, tia gia ya nne ukiwa mwendo wa polepole kisha kanyaga mafuta yote. Injini ikipanda na gari lisiende, klachi imekwisha. Panda na kushuka gia ya pili na ya tatu kwa haraka usikie kama zinasaga. Washa eyakondisheni na ukae nayo dakika 20 kwenye foleni ya Makupa au Buxton saa saba mchana, ukiangalia joto la injini. Gari lililokuwa sawa kwenye baridi ya Japani huumbuka kwenye joto letu na mwendo wa kutambaa.

Mwisho, mlete fundi na kompyuta ya kusoma makosa, hata kama hakuna taa iliyowaka. Na fundi awe wako, si wa kupendekezwa na yadi. Kompyuta ikionesha kumbukumbu imefutwa juzi na gari halijamaliza kujipima, mtu amefuta makosa ili usiyaone.

Jirani yangu, mama mjane, alimsaidia mwanawe kununua gari la namna hii kwa mafao ya marehemu mumewe. Mpango wao ulikuwa mzuri: kulikodisha kwa maharusi, kwani siku hizi bwana harusi asiposhuka kwenye kitu cha chini na cha kelele huona hajaoa. Sikuwapo walipolinunua. Miezi minne baadaye kijana aligonga ukingo wa barabara, mwendo si mkubwa. Mikoba ya hewa haikufunguka, taya likavunjika. Fundi alipofungua usukani alikuta kifuniko kipya na ndani hamna mkoba. Palikuwa na kirizista kidogo cha kuihadaa kompyuta iamini upo. Gari lilikuwa limeshagonga kabla halijafika kwetu, mikoba ikafunguka, na mtu akaona ni rahisi kuweka kifuniko. Yule mama mpaka leo anamlipia mwanawe meno. Muuzaji alimwambia, "Mama, ulilitazama ukalipenda."

Kwa hiyo ongeza hili kwenye orodha: fundi akague mikoba kwa macho, wala asitegemee taa na kompyuta tu. Kifuniko cha usukani na cha mbele ya abiria viwe na rangi na mshono wa kiwanda.

Karatasi za hapa

Likiwa gari lenye namba ya Kenya tayari, tafuta rekodi yake NTSA kupitia eCitizen. Ni mamia machache ya shilingi. Jina la mwenyewe, namba ya injini na ya chesisi, rangi, vyote viwiane na gari lililo mbele yako. Kisha angalia kama lina deni. Chini ya sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017 kuna sajili ya dhamana, ambako mkopeshaji huandikisha kuwa gari limewekwa rehani. Mikopo ya kitabu cha gari imejaa mjini, na wako wanaouza gari huku kitabu kiko kwa mkopeshaji. Pesa zako zikabidhiwe siku moja na kukubaliwa uhamisho mtandaoni, si "nitakufanyia wiki ijayo, bwana".

Uliza pia bima kabla ya kununua. Mpigie wakala wako umtajie aina, mwaka na kila kilichobadilishwa kwenye gari. Kampuni nyingine huongeza malipo kwa magari ya spoti, nyingine hazitaki yaliyochezewa injini. Na kama unalipa kwa mkopo, uwe wa riba au wa murabaha, jumlisha malipo ya miezi yote kisha uongeze bima, matairi na petroli. Hiyo ndiyo bei ya gari. Bei iliyoandikwa kwenye kioo ni mlango wa kuingilia tu.

Sheria, na kinachokosekana

Je, aliyedanganywa ana pa kwenda? Anapo, lakini ni padogo. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika, ila inasema pia mnunuzi akishakikagua hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Ndiyo maana ya lile jibu, "ulilitazama ukalipenda." Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo, na hapo ndipo maandishi yanaposaidia. Muuzaji akikwambia halijagongwa, mwambie akuandikie kwenye mkataba wa mauzo: halijagongwa, kilomita ni kadhaa, mikoba ya hewa ni ya kiwanda. Akikataa kuandika anachokisema kwa mdomo, shukuru na uondoke. Na madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili.

Lakini haifai mzigo wote uwe wa mnunuzi. Serikali inajua mengi kuhusu gari hili kuliko mtu yeyote. KRA ina karatasi zake zote, KEBS ina cheti cha ukaguzi, NTSA ndiyo itoayo kitabu. Kilomita zilizosomwa Japani na daraja la mnada zingeweza kuandikwa kwenye rekodi ambayo mnunuzi huilipia eCitizen. Haihitaji ushuru mpya. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulileta pendekezo la kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, likatupwa kwa kelele za wananchi. Kelele zile zilikuwa za haki. Sasa tupige na nyingine: tukishalipa milioni kwa gari la milioni, angalau tuambiwe limegongwa au la.

Na ushuru wenyewe uangaliwe. Maadamu gari la daraja R hulipa sawa na la daraja 4.5, sera inamwambia mwagizaji alete bovu. Orodha ya bei ikitambua daraja, au magari yaliyogongwa yakitakiwa kuandikwa hivyo kitabuni, kishawishi kitapungua bila askari hata mmoja kwenda yadini.

Kwa wazazi nina neno moja. Gari hili lina nguvu na halina nafasi. Viti vya nyuma ni vya mkoba, si vya watoto wa shule. Kasi ya mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na barabara pana kama Dongo Kundu zimewazoesha vijana kusahau hilo. Kabla ya kutoa mafao, shamba au dhahabu ya mama kununua kitu cha milango miwili, mwambieni mwanenu alete karatasi ya mnada, rekodi ya NTSA na ripoti ya fundi wa familia, zote tatu mezani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari zuri litaisubiri wiki hiyo moja, na muuzaji asiyeweza kuisubiri amekwambia yote unayohitaji kujua.